Fungua na Lile Jingine

Kwa kazi mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta. Nalisema hili mapema kwa sababu kosa ninalotaka kulikiri hapa nililifanya kwa kazi hiyo hiyo, ndani ya usharika wangu, dhidi ya mama aliyenifundisha shule ya Jumapili nikiwa na miaka saba. Ameniruhusu kuandika kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje. Nitamwita Mama Mhazini, kama kikundi chetu kizima kinavyomwita hadi leo.

Kikundi chetu ni cha kuweka na kukopa, na wengi wa wanachama ni akina mama wa jumuiya mbili za usharika. Tuna mifuko miwili, wa akiba na wa msiba, na kila mfuko una sanduku lake la chuma. Kila mwisho wa mwezi Mama Mhazini hutoa shilingi 50,000 katika sanduku la akiba na kuzitumbukiza katika sanduku la msiba, kupitia tundu lililo juu yake, kama tunavyotia sadaka. Siku hizo ufunguo wa akiba ulikuwa kwake peke yake. Ufunguo wa msiba ulikuwa kwa mwenyekiti, na kwa desturi yetu sanduku lile halikufunguliwa mpaka mwenzetu afiwe.

Miaka minne iliyopita, mwezi Juni, daftari la kikundi lilikuwa limechakaa na kurasa zake zinachomoka. Nikajitolea kuandika programu ya kutunza hesabu. Niliiandika usiku baada ya kazi, bila malipo, na nakiri kwamba moyoni nilijiona nimemtolea Mungu kitu kikubwa.

Wengi mnaosoma kitabu hiki hamwandiki programu, kwa hiyo niruhusuni nieleze kidogo. Ndani ya programu kuna kitu tunachokiita fanksheni. Ni kazi ndogo yenye jina. Unaipa vitu, nayo inavishughulikia. Ifikirie kama fomu ya benki ya kuhamisha fedha. Nafasi ya kwanza unaandika akaunti inayotoa, ya pili akaunti inayopokea, ya tatu kiasi. Ukikosea ukaandika inayopokea mahali pa inayotoa, fomu haitakuzuia. Namba ya akaunti ni namba ya akaunti, na nafasi zote mbili zinapokea namba. Fedha zitakwenda, ila zitakwenda kinyume.

Fanksheni yangu niliiita hamisha, na nafasi zake zilikuwa tatu: mtoaji, mpokeaji, kiasi. Usiku mmoja, macho yakiwa mazito, katika mstari mmoja tu, ule wa kuhamisha fedha za mwisho wa mwezi, niliandika mpokeaji kwanza na mtoaji baadaye. Kompyuta haikulalamika. Nikaifunga, nikasali, nikalala.

Tangu hapo, kila Mama Mhazini alipotoa 50,000 katika akiba na kuzitia katika msiba, programu iliandika kwamba 50,000 zimetoka msiba zikaingia akiba. Tofauti ya mwezi mmoja ni 100,000: zile 50,000 zilizoondoka sandukuni, na 50,000 nyingine ambazo programu ilidai zimeingia. Kwa miezi sita, Juni hadi Novemba, ni 600,000.

Desemba tulikutana kuhesabu akiba ili tugawane gawio. Mimi nilikaa mezani na kompyuta yangu. Sanduku la akiba likafunguliwa, fedha zikahesabiwa mara tatu. Zilipungua laki sita kamili.

Ukumbi ulinyamaza. Mwenyekiti akasema kwa upole, "Mama Mhazini, tusaidie."

Akasimama. Akasema, "Mimi sijachukua. Fungueni na lile la msiba mhesabu. Fedha nimezitumbukiza humo kila mwezi kwa mkono wangu."

Mwenyekiti akanitazama mimi. Na mimi, mbele ya watu wote, nikamjibu mama aliyenifundisha kumwomba Mungu, "Mama, hakuna haja. Mfumo umeshasema la msiba lina laki tisa. Mfumo hauna upande, unajumlisha tu."

Hakubishana. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa ufunguo, akauweka mezani karibu na kompyuta yangu, akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuonekana kwenye kwaya ya akina mama. Alianza kuja ibada ya kwanza, ile ya alfajiri, akikaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya matangazo. Kabla ya Krismasi alimletea mwenyekiti shilingi 150,000. Alikuwa ameuza cherehani yake. Alisema kwamba hakubali kuwa ameiba, ila hataki kikundi kivunjike kwa ajili yake.

Wapendwa, karatasi yangu mwenyewe ilinionya. Ilionyesha mfuko wa msiba ukipungua mwezi hadi mwezi, na katika miezi ile sita, kwa neema ya Mungu, hakuna mwenzetu hata mmoja aliyefiwa. Mfuko wa msiba unapunguaje bila msiba? Swali hilo lingeweza kuulizwa na mtoto. Sikuliuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshapata jibu nililolitaka: mashine yangu ni sahihi.

Wiki ya pili ya Januari mzee mmoja wa jumuiya yetu alilala katika Bwana. Sanduku la msiba likafunguliwa. Programu ilisema laki tisa. Mwenyekiti akahesabu, akahesabu tena, akavua miwani. Ndani mlikuwa na milioni moja na nusu. Zimezidi laki sita. Kila mtu mle chumbani aliijua namba hiyo.

Nilirudi nyumbani nikafungua programu. Haikunichukua hata nusu saa kuuona ule mstari. Majina mawili, mpokeaji na mtoaji, yamekaa kila moja kwenye kiti cha mwenzake.

Tulikwenda kwake watatu: mchungaji, mwenyekiti na mimi. Tuliamkia, akaitikia, akatukaribisha, akaweka chai jikoni kama vile tumekuja kwa sikukuu. Nilipiga magoti, nikamweleza kila kitu na kuomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, nimekusamehe tangu Desemba, maana nilijua siku moja lile sanduku litafunguliwa. Lakini nikuambie kilichoniuma. Hukunikatalia kwa ubaya. Ulinikatalia kwa uhakika. Mtu mbaya unaweza kumsihi. Mtu mwenye uhakika humsihi kwa lipi?"

Tulimrudishia fedha zake, na kikundi kikamnunulia cherehani nyingine. Ile ya kwanza alikuwa amenunuliwa na marehemu mume wake, na hiyo hatukuweza kuipata tena.

Ningeweza kuishia hapa, na lingekuwa fundisho tosha. Lakini Mungu hakuishia hapo na mimi. Alinirudisha darasani, na safari hii darasa lilikuwa ofisini kwangu.

Kazi yetu ofisini ni kuandika programu za mikopo. Niliomba ruhusa nitengeneze kikaguzi, yaani programu inayosoma programu nyingine na kutafuta kosa kama lile langu: vitu vilivyobadilishana nafasi ndani ya fanksheni. Sikutaka mama mwingine auze cherehani kwa sababu ya mstari mmoja. Ruhusa nikapewa.

Kikaguzi kama hicho hakijui mkopo ni nini, wala hakijui Kiswahili. Kinachoweza kufanya ni kulinganisha majina. Ikiwa nafasi ya kwanza inaitwa mtoaji, na mwandishi ameweka humo kitu kinachoitwa mpokeaji, na kwenye nafasi ya mpokeaji ameweka mtoaji, kuna sababu ya kushuku. Kosa langu lingenaswa mara moja, kwa sababu majina yalilingana herufi kwa herufi. Lakini waandishi wa programu si wote wanaoandika namna moja. Huyu ataandika mtoaji, yule mtoa, mwingine mtoaFedha. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama majina ni yale yale. Inabidi uulize yanafanana kiasi gani.

Ipo njia ya kupima hilo. Mwaka 1965 Vladimir Levenshtein, mtaalamu wa hisabati wa Umoja wa Kisovieti, alieleza jinsi ya kupima umbali kati ya maneno mawili: unahesabu ni herufi ngapi, kwa uchache kabisa, utaongeza, utafuta au utabadilisha ili neno la kwanza liwe la pili. Ukigawanya umbali huo kwa idadi ya herufi za neno lililo refu, kisha ukatoa jibu katika 1, unapata kiwango cha kufanana. Moja maana yake ni sawasawa kabisa. Sifuri maana yake hakuna kinacholingana.

Hapo ndipo penye kazi. Lazima uchague kizingiti: kuanzia kiwango gani kikaguzi kipaze sauti na kusema, hapa pana kosa? Ukikiweka juu sana, kitakaa kimya wakati nyumba inaungua. Ukikiweka chini sana, kitabweka kila mtu apitapo njiani, hata mwenye nyumba.

Nilidhani nitajaribu namba chache na kupata ile iliyo sahihi. Angalieni nilichokuta katika lugha yetu wenyewe. Ili mtoa awe mtoaji unaongeza herufi mbili, na neno refu lina herufi sita. Kufanana ni 0.67, na ni mtu yule yule. Ili mdai awe mdaiwa unaongeza herufi mbili, na neno refu lina herufi sita. Kufanana ni 0.67 vilevile, lakini hawa ni watu wawili waliosimama pande mbili za deni moja. Mkopaji na mkopeshaji hutofautiana kwa herufi tatu katika kumi, yaani 0.70. Kwa macho ya mashine, anayekopa na anayekopesha wanafanana kuliko mtoa na mtoaji!

Nilitazama namba hizo nikakumbuka kwamba kila siku tunamwomba Baba atusamehe deni zetu kama sisi tunavyowasamehe wadeni wetu. Katika sala hiyo moja kila mmoja wetu ni mdaiwa, na ni mdai. Kati ya kiti kimoja na kingine pana herufi mbili tu. Desemba ile mimi nilikaa kwenye kiti cha mdai, kumbe nilikuwa mdaiwa.

Nikaweka kizingiti chini, 0.6, nikijiambia kwamba heri kushuku wengi kuliko kuacha kosa moja lipite. Kikaguzi kikaanza kazi. Kila kilipoona shaka, kiliandika kwa herufi nyekundu KOSA, pamoja na jina la aliyeandika mstari huo, na timu nzima tukaona.

Miongoni mwetu alikuwepo kijana aliyeajiriwa mwezi uleule. Alikuwa ameandika fanksheni ya kurejesha fedha, ile inayotumika mteja akilipa kimakosa. Katika kurejesha, aliyepokea jana ndiye anayetoa leo. Kwa hiyo kijana yule alikuwa amegeuza majina kwa makusudi, na alikuwa sahihi kabisa. Kikaguzi changu kikamwandikia KOSA kwa wekundu. Naye, akiwa mgeni na mwenye hofu ya kufukuzwa, akakitii. Akageuza kilichokuwa sawa kikawa kibaya.

Tuliligundua katika majaribio, kabla halijafika kwa wateja. Nikamwita nikamuuliza, "Mdogo wangu, hapa ulikuwa umeandika vizuri. Kwa nini ulibadilisha?"

Akainamisha kichwa. "Kaka, mashine ilisema."

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji. Nilikuwa nimetengeneza mashine ya kuzuia kosa langu la Juni, nayo ilikuwa ikirudia dhambi yangu ya Desemba. Mstari uliogeuzwa ulikuwa kosa la usingizi. Kumwambia mama wa watu "mfumo umeshasema" na kukataa kufungua sanduku la pili, hiyo ilikuwa dhambi.

Jioni hiyo nilisoma Mwanzo sura ya 48. Mnaikumbuka. Yusufu anawaleta wanawe kwa babu yao Yakobo awabariki. Anampanga Manase, mzaliwa wa kwanza, upande wa mkono wa kuume wa mzee, na Efraimu upande wa kushoto. Kila mtu kwenye nafasi yake. Lakini mzee, ambaye macho yake yamefifia, anapishanisha mikono: wa kuume unatua juu ya mdogo. Yusufu anachukizwa. Anaushika mkono wa baba yake auhamishe, kwa kuwa anaona wazi kwamba vitu vimebadilishana nafasi. Na baba anakataa. Anamjibu mwanawe kwamba anajua, anajua anachokifanya.

Yusufu hakuwa mjinga. Kwa desturi ya nyumba yao, mikono ile ilikuwa imekosewa. Kizingiti chake kilikuwa sahihi kwa siku nyingi za maisha, ila siku hiyo mgeuzo ulikuwa wa makusudi, na aliyejua ni mmoja tu, yule mwenye mikono. Jambo jema alilofanya Yusufu ni kwamba alisema kwa sauti, na baba akapata nafasi ya kujibu. Mimi sikumwachia Mama Mhazini nafasi hiyo. Wala kikaguzi changu hakikumwachia yule kijana.

Kesho yake nilianza upya. Nilisoma kazi ya Andrew Rice na wenzake, waliochapisha utafiti mwaka 2017 juu ya tatizo hili hili. Walipitisha kikaguzi chao katika mistari milioni 200 ya programu za ndani za Google na mistari milioni 10 kutoka nje. Waliposimamisha kizingiti juu, kilitaja makosa ya kweli 459 na kusingizia mara 78. Walipokishusha, kilitaja makosa ya kweli 2,060, lakini kikasingizia mara 1,207. Someni namba hizo polepole. Kushusha kizingiti kuliokoa makosa 1,601 ambayo yangebaki yamejificha. Kulizaa pia shutuma 1,129 za bure.

Hapo nikaelewa kwamba namba niliyokuwa naitafuta haipo. Kila utakapoweka kizingiti, upande mmoja kuna kosa litakaloponyoka na upande mwingine kuna asiye na hatia atakayenyooshewa kidole. Unachochagua ni nani abebe uzito wa kutojua kwako. Na hilo si swali la hesabu peke yake. Ni swali la upendo.

Bwana wetu alilisema kwa mfano wa shamba, katika Mathayo 13. Watumwa wanaona magugu katikati ya ngano, wanataka kuyang'oa mara moja. Mwenye shamba anawazuia, kwa sababu katika kung'oa magugu wataing'oa na ngano. Hakusema magugu hayapo. Hakusema hayadhuru. Alijua tu kwamba mikono ya watumwa haiwezi kutenganisha bila kuharibu, na kwamba siku ya mavuno ipo na ina wavunaji wake.

Zamani nilidhani mfano ule unatufundisha kunyamaza. Sidhani hivyo tena. Shilingi za mjane zikiingia kwenye akaunti ya asiyestahili kwa sababu ya mstari uliogeuzwa, kikaguzi kilichokaa kimya hakijawa mpole, kimemtupa mjane. Nilihitaji njia ya kusema bila kuhukumu, nikaipata katika maneno ya Mama Mhazini. Fungua na lile jingine.

Kikaguzi changu cha kwanza kilikuwa kinafungua sanduku moja. Kiliangalia jina, kikaliona linafanana na nafasi isiyo yake, kikapiga kelele. Sasa nimekifundisha kufungua yote mawili. Kwanza kinapima mpangilio kama ulivyoandikwa. Kisha kinapima mpangilio ukigeuzwa. Halafu kinauliza: je, wa pili ni bora kuliko wa kwanza kwa kiasi kinachoonekana wazi? Chukueni mtu aliyeweka mpokezi kwenye nafasi ya mtoaji, na mtoa kwenye nafasi ya mpokeaji. Kama alivyoandika, wastani wa kufanana ni 0.40. Ukigeuza, unapanda hadi 0.71. Pengo ni 0.31, na hapo kushuku kuna haki. Lakini pale ambapo mipangilio yote miwili inakaribiana, kikaguzi kinajua kwamba hakijui, na kinanyamaza. Kizingiti nimekiweka kwenye pengo hilo, 0.25.

Majina mafupi kama a na b hakiyagusi, kwa kuwa hayabebi ushahidi wowote. Na kikikuta fanksheni ambayo jina lake lenyewe linasema rejesha au geuza, kinamkumbuka Yakobo na kupita. Rice na wenzake nao waligundua kwamba hatari ya kosa hili hupanda sana fanksheni ikiwa na nafasi zaidi ya tano. Kwa hiyo tumekubaliana ofisini kupunguza nafasi. Ni afadhali kutomweka ndugu yako penye utelezi kuliko kumngoja aanguke umkamate.

Badiliko la mwisho halikuhitaji hesabu yoyote. Nimefuta neno KOSA na ule wekundu. Kikaguzi sasa kinamwandikia mwenye mstari peke yake, kinamwonyesha mipangilio yote miwili, kisha kinauliza: Je, ulikusudia kuandika hivi? Akijibu ndiyo, yamekwisha. Mwanzoni mkuu wangu wa kazi aliona ni ulegevu. Lakini kabla ya hapo vijana walikuwa wamezoea kukipuuza, au kukitii bila kufikiri kama yule mdogo wangu. Sasa wanasoma, wanafikiri, wanajibu.

Nilikijaribu kwa makosa tisa ya zamani niliyokuwa nimeyahifadhi. Kilinasa manane. Moja kililiachia lipite, kwa sababu majina yake hayakufanana na chochote. Karatasi yenye mstari huo nimeibandika mbele ya meza yangu. Inanikumbusha kwamba hata baada ya uangalifu wote, kuna jambo litakalonipita, na kwamba mimi si wa mavuno.

Ndugu zangu, sisi sote tuna vizingiti ambavyo hatukuvichagua kwa maombi. Kijana akionekana na mtu fulani mara mbili, tunamhesabu amepotea. Mama akikosa ibada mwezi mmoja, tunasema amepoa. Mhazini sandukuni pakipungua, tunamwita mwizi. Tunalinganisha sura ya jambo na sura ya dhambi tunayoijua, tunaona vinafanana 0.67, tunapaza sauti. Mithali 18 inatuonya kwamba anayesema kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Tuulize basi, kabla ya kusema: habari hii ikisomwa kwa kugeuzwa, haiwezi kuwa kweli kuliko nilivyoisoma? Na shutuma yangu ikiwa ya bure, ni nani atakayeuza cherehani yake?

Mimi nimeambiwa na kazi yangu mwenyewe kwamba herufi mbili zinatosha kumgeuza mdai kuwa mdaiwa. Mungu peke yake haonani na majina yetu kwa kukisia. Anatujua kwa ndani, na bado, tazama, hata Adamu alipojificha bustanini alianza kwa kumuuliza swali.

Mama Mhazini alirudi kwenye nafasi yake Machi ya mwaka ule. Tulimsihi sisi. Masharti aliweka yeye: kila sanduku liwe na kufuli tatu na watunza funguo watatu, na kila siku ya kuhesabu yafunguliwe yote mawili, pawe na msiba au pasiwe na msiba. Mimi bado nakaa mezani na kompyuta yangu. Tukimaliza sanduku la kwanza na namba zikikubaliana, na watu wanaanza kukunja kanga zao waende, yeye hunitazama juu ya miwani yake, anatabasamu, anasema:

"Haya, mwanangu. Fungua na lile jingine."